Msichana Huyu Anasoma

Enzi za Mwingereza nilifundisha darasa la kwanza katika shule moja karibu na Kamachumu. Darasa lilikuwa na mikondo miwili: mmoja wangu, mwingine wa mwenzangu, Mwislamu wa Bukoba mjini ambaye babu yake alitoka pwani. Mwalimu mkuu alitutaka tuandae masomo pamoja kila Jumamosi, akisema kidole kimoja hakivunji chawa. Sawa, lakini vidole hivi viwili vilikuwa vikifinyana vyenyewe.

Jumamosi moja mwenzangu alitunga sentensi ya ubaoni: "Msichana huyu anasoma." Alimfikiria msichana pekee wa mkondo wake, mtoto wa Kiislamu aliyelelewa na bibi yake. Nikamshauri aandike "anajifunza." Kwa Kihaya kushoma ni kusoma, lakini kwa wazee ni kuingia Ukristo pia, omushomi ni Mkristo.

"Mwalimu, mimi Kiswahili nimenyonya kwa mama," akasema. "Wewe umekikuta shuleni, halafu unanisahihisha?"

Nilikasirika, na sikuficha. Mwalimu mkuu akaamua sentensi ibaki, maana shuleni hapakuwa mahali pa Kihaya.

Mtoto alifika nyumbani akiirudia kwa furaha, na bibi yake akaisikia kwa masikio ya Kihaya. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa.

Tulikwenda kwa bibi wote wawili, mwenzangu kavaa kofia yake nyeupe ya Ijumaa. Bibi alitukaribisha vizuri, akatupa buni za kutafuna, akasikiliza maelezo yetu yote. Kisha akamtazama mwenzangu kwa huruma.

"Pole, waitu," akamwambia, kwa neno letu la upole na heshima. "Kumbe hata wewe walikusomesha!"

Siku nyingine ningecheka. Njiani mwenzangu alivua kofia yake akaishika mkononi, na mimi niliyekuwa nimeonya tangu mwanzo sikuona raha yoyote ya kushinda. Nilimwonea uchungu.

Jumamosi iliyofuata alinisomea kila sentensi kabla ya kuiandika. "Na neno hili kwenu lina maana gani?" aliuliza, hata tulipofika kwenye "kikombe." Hapo ndipo tulipoanza kuandaa masomo pamoja kweli, na kiti cha msichana yule kilikuwa kitupu.

Baadaye nilimkuta msichana kwenye kibanja, shamba la migomba la bibi yake, akikusanya majani makavu. Alipiga magoti kunisalimu, akaangalia upande wa nyumba, akaninong'oneza.

"Mwalimu, wenzangu wamefika herufi gani?"

Nikamtajia. Akaichora udongoni kwa kidole, akaitazama, kisha akaifuta mwenyewe.