Meza ya Wajapani Tu

Nimeapa kwenda kufanya kazi Japani, kwa hivyo ninajifunza Kijapani kwa simu huku nikiwa weita kwenye hoteli ya samaki hapa Homa Bay. Juzi nilifika kwenye somo la "nomi", yaani "tu" ile rasmi ya kwenye matangazo. Nilikuwa naosha sahani huku nikiitamka.

Tuna mteja mmoja Mjapani, mhandisi wa barabara, ambaye hula samaki aina ya ngege kwetu kila Ijumaa. Nikasema leo atanijua. Nikaandika kwenye kadibodi, kwa Kijapani: "Meza hii ni ya Wajapani tu." Nikaiweka mezani pale dirishani. Wateja wawili waliotaka kukaa hapo niliwahamisha, nikiwaonea huruma kwa kutojua kusoma.

Mhandisi akaja na mama mmoja aliyevaa kitenge. Akasoma kadibodi, akabaki amesimama. Yule mama akaisoma kwa sauti, Kijapani laini kuliko changu.

"Umeandika vizuri, nyathina, mwanangu," akaniambia. "Hakuna kosa hata moja. Mimi ni mke wake, kwetu ni Awendo hapa karibu. Sasa mimi nikae wapi?"

Bosi akatoka jikoni. "Kwani imeandikwa nini hapo?"

Hoteli nzima ikanigeukia, ikingoja nitafsiri.