Uso wa Mama Ndani ya Ndoo

Juzi nilikuwa kwa fundi wa kuchapa fulana kule Bondeni nikingoja zangu, mama mmoja akaingia kuchukua fulana za mazishi. Kifuani zilikuwa na uso wa mamake, ambaye angezikwa kesho yake Molo. Aliugusa ule uso kwa kidole kimoja, taratibu, kana kwamba ungeamka.

"Boss, umetumia wino gani?"

"Wa maji, mathe. Ule wa mpira unakuwa mgumu, halafu unapasuka. Huu unaingia ndani ya kitambaa."

"Wa maji?" Kidole kikaruka. "Na vile Molo inanyesha! Unataka mamangu atiririke kwa vifua vyetu watu wakiona?"

"Ukishapigwa pasi hautoki."

"Pasi gani, na stima imepotea tangu asubuhi?"

Fundi akainua pasi ya makaa. Yule mama akatikisa kichwa. Basi fundi akachukua fulana moja, akaizamisha kwenye ndoo, akaanza kuisugua. Mama akafumba macho.

"Angalia, mathe."

"Angalia wewe kwanza, uniambie."

"Maji ni safi."

Akafumbua macho. Akaitoa fulana mwenyewe na kuikamua polepole, kama anayekausha nywele za mgonjwa.

"Hii nitavaa mimi," akasema. "Hii imeshapita mtihani."

Huwa tunadhani mtu akishafariki hakuna tena la kuhofia kwa ajili yake. Kumbe bado kuna mvua.