Pa Kumsalimia Luqman

Bi Mwanarusi wa Majoreni alijaaliwa mtoto mmoja tu, Luqman, askari aliyeuawa vitani Somalia na maiti yake isipatikane. Mnara wa mashujaa ulipojengwa Msambweni, jina lake likachongwa jiweni. Tangu hapo, kila Ijumaa mama huyo huja kulinyunyizia marashi.

Juzi mlinzi mpya alimkuta pale. "Shikamoo, mama. Lakini hapa hakuna kaburi."

"Marahaba, mwanangu. Najua. Ila sina pengine pa kumsalimia."

Mlinzi akaenda kumletea kiti chake. Bi Mwanarusi akaketi, akamweleza Luqman habari za nyumbani: mnazi wa uani umeanza kuzaa, paa linavuja, na mpaka leo hajazoea kupika chakula cha mtu mmoja.