Namna ya Kumwomba Mkwe Maji

Mama alivunjika mkono wa kulia wakati wa masika, akipalilia migomba nyuma ya nyumba yetu juu ya Tengeru. Aliteleza, akaangukia kiganja. Hospitali walimfunga hogo la plasta kutoka kiganjani mpaka juu ya kiwiko, wakamwambia asishike kitu kwa wiki sita.

Kaka yangu anafanya kazi Uingereza. Alikuja na mkewe, Mwingereza ambaye mama alikuwa amemwona kwenye simu tu. Baada ya wiki mbili likizo ya kaka ikaisha, akaondoka, lakini wifi yangu akasema atabaki mpaka hogo lifunguliwe. Mimi nafundisha Kiingereza sekondari mjini na ninaishi Sakina, kwa hiyo nilikuwa nakwenda Ijumaa jioni na kurudi Jumapili baada ya ibada. Siku zilizobaki walikuwa wawili tu: wifi mwenye Kiswahili cha salamu, na mama mwenye Kiingereza cha darasa la saba la zamani sana.

Ijumaa ya kwanza baada ya kaka kuondoka nilikuta nyumba imenuna. Wifi alikuwa jikoni anamenya ndizi, macho mekundu. Mama alikuwa barazani. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa sauti ya chini, kisha akanivuta karibu kwa mkono wake mzima.

"Mke wa kaka yako anapenda kujisifu," alisema. "Kutwa nzima ananiambia anaweza. Anaweza kunipikia chai. Anaweza kuniletea blanketi. Namjibu ndiyo, najua unaweza, halafu anabaki amesimama ananitazama."

Nilimwomba anitajie maneno yenyewe. Akayatoa moja moja, kama mtu anayekariri katekisimu: I could make you some tea. I can bring you a blanket. Na mezani, siku ya pili, mkwe alikuwa amemuuliza kama anaweza kumpa chumvi, Could you pass me the salt? Mama akajibu Yes, kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa mzima na chumvi ilikuwa karibu. Akangoja aombwe. Hakuombwa. Wakala mtori wa ndizi bila chumvi, kila mmoja akimshangaa mwenzake.

"Na sisi tulifundishwa could ni ya jana," mama aliongeza. "Chumvi anaitaka leo, kwa nini aniulize kama jana niliweza?"

Nilikwenda jikoni. Wifi aliponiona akaweka kisu chini, akaniambia kwa Kiingereza kwamba anadhani mama hampendi. Tangu Jumatatu alikuwa akipewa amri. Give me water. Bring me the stick. Wash me my feet. Kwao, alisema, hata mtoto mdogo huwezi kumsemesha hivyo. Hakuwa amemwambia kaka, asije akapata wasiwasi akiwa mbali.

Kicheko kilinijia, nikakimeza nilipoona kidevu chake kinatetemeka. Nilijua kilichotokea. Mama alikuwa anasema "nipe maji, mwanangu", kama alivyotuambia sisi maisha yetu yote, na sauti yake ikishuka mwishoni. Katika kuvuka kwenda Kiingereza, "mwanangu" alibaki nyuma. Baadaye nilipomuuliza mama, alisema aliona haya. Hakujua kama mtoto wa watu anaweza kuitwa hivyo bila ruhusa ya mama yake mzazi.

Kwa miaka mingi nimeandika ubaoni sentensi za namna hiyo: kwanza can au could au may, kisha kitendo, kisha mtu anayepewa, kisha kitu chenyewe. Wanafunzi wangu wanazipanga vizuri na kupata alama zao. Sikuwahi kufikiria mtu anaweza kulia kwa ajili ya sentensi hizo. Kwetu anayepewa anakaa ndani ya kitendo, "nipe", "niletee", amebebwa humo kama mtoto mgongoni. Kwao anasimama nje, na labda ndiyo maana wanatanguliza neno la kubisha hodi. Sijui kama wataalamu watakubali. Ndivyo nilivyomweleza wifi tukimenya ndizi zilizobaki.

Jumamosi nilikaa katikati yao barazani. Nilimwambia mama kwamba mtu akiuliza could you, haulizi habari za uwezo wako. Anakuachia nafasi ya kukataa.

"Nani atamkatalia chumvi mezani kwangu?" mama aliuliza. Akageuka kumtazama mkwe. "Kumbe ni adabu."

Wifi naye nilimfundisha "nikupikie?" na "nikuletee?" Alizipenda, akasema ni fupi na zina joto. Wiki iliyofuata nilimkuta amepiga magoti mbele ya beseni, miguu ya mama mapajani mwake, anauliza, "Nikukaushie?" Mama alikuwa amefumba macho. Alijibu kwa Kiingereza, "Yes, you could."

Hogo lilipofunguliwa, mama aliniita nyuma ya zizi. Alitaka kumpa mkwe jina la marehemu bibi yetu, mama yake mzazi, akaniuliza atasemaje. Nikamwambia aseme, I will give you a name.

"Hapo ana nafasi ya kukataa?"

Nikakiri hana.

"Basi siyo hiyo. Jina analo, amepewa na mama yake. Siwezi kumtwisha lingine kama gunia."

Nikampa May I give you a name? Aliirudia akikata majani ya ng'ombe, akairudia akivaa kitenge cha kwenda kanisani.

Tuliporudi kutoka ibadani tukaketi mezani. Mama alifika May I give you, akakwama. Midomo ikacheza. Nilitaka kumsaidia, akanikatalia kwa kidole. Kisha akasema, "Name."

Wifi aliweka kijiko chini. "Nipe, mama," alisema.

Mama akalitaja. Wifi alilirudia mara tatu, akilikosea silabi ya pili, na kila mara mama akamrekebisha taratibu mpaka likakaa. Silitaji hapa, ni lao.

Wifi aliondoka Jumanne. Mkono wa mama haukunyooka sawasawa, na siku za baridi unamuuma, lakini analima. Jumapili mchana wifi hupiga simu ya video. Mara nyingi anakuwa jikoni kwake na ndizi za dukani ambazo mama anaziona zimekomaa kupita kiasi. Wanazungumza kwa lugha mbili zilizochanganywa, wakikosea na kuendelea. Mimi nakaa pembeni nachambua maharage. Hakuna anayeniita kutafsiri.