Jicho la Fisi kwenye Kichwa cha Tandala

Chumvi, ngozi mbichi na dawa ya kuua nondo: harufu hiyo ilimganda baba yangu hata Jumapili alipovaa suti ya kanisani. Alifanya kazi katikati ya Nairobi, katika karakana iliyojificha nyuma ya maduka, akikausha vichwa vya wanyama waliopigwa risasi na wawindaji. Ilikuwa miaka ya sitini, uwindaji haujapigwa marufuku, na nyumba kubwa ya Lavington haikuhesabiwa kuwa imepambwa mpaka swala, kongoni au tandala achungulie kutoka ukutani. Baba ndiye aliyewatia macho. Macho hayo ya kioo yaliagizwa kutoka Ulaya, nayo yalikaa kwenye kabati la droo ndogondogo, kila mnyama na droo yake, yamelazwa juu ya pamba.

Nyumbani Kangemi tulijua siri ambayo karakana haikuijua: macho ya baba mwenyewe yalikuwa yameingia ukungu. Tajiri wake, Mzungu mmoja mwenye mdomo mchafu, angejua angemfukuza siku hiyohiyo, nasi watoto watano tungeacha shule. Kwa hiyo baba alifanya kazi kwa kupapasa. Droo ya tatu kutoka juu, tandala. Ya nne, fisi. Likizo ya Agosti, nikiwa na miaka tisa, alinichukua nikayafute vumbi macho hayo. "Usichanganye, mama," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita. "Kila moja irudi kwa nyumba yake." Nilichanganya. Niliyapanga sakafuni nikacheza harusi, bibi tandala na bwana fisi, kisha nikasikia viatu vya tajiri nikayarudisha mbiombio. Ya hao wawili yote yalikuwa ya kahawia, ila mboni ya tandala imelala kama mstari na ya fisi ni duara. Sikumwambia baba. Niliogopa kuchapwa, basi.

Jumamosi iliyofuata mama mmoja wa Lavington alikuja na wageni wake kuchukua kichwa cha tandala alichoagiza. Tajiri akavuta kitambaa kilichokifunika. Mnyama akatutazama kwa jicho moja lake na jingine la fisi, na mama yule akaangua kicheko. Tajiri hakucheka. Alimtazama baba kwa muda mrefu, akaenda kabatini, akarudi ameinua jicho moja mbele ya pua ya baba.

"Hii nini?"

"Ya kongoni, bwana."

Lilikuwa la chui, la manjano kabisa. Wageni wakacheka. Akainua jingine, baba akakosea tena. Wenzake wa karakana, waliokula naye ugali mchana miaka yote ile, nao wakaanza kucheka. Mwishowe tajiri akaokota mezani kifungo cheusi cha koti.

"Na hii?"

Baba akakunja uso, akanyoosha shingo. "Hiyo ni ya digidigi, bwana."

Nilicheka. Ningependa kusema nilicheka kwa hofu, lakini ningekuwa naongopa. Nilicheka kwa sababu ilichekesha, na sauti yangu nyembamba ilizipita za wote. Baba akageuza kichwa upande niliokuwapo.

"Wewe kipofu," tajiri akasema. "Toka, na toto yako."

Siku hizi kuta za Lavington zina televisheni, na kichwa cha swala kinaweza kukufikisha kortini. Wajukuu wangu husema watu wa zamani walikuwa makatili kwa wanyama. Nakubali, na sijawasimulia hata nusu. Mama yetu alituvusha kwa kuuza mboga, wakubwa wawili wakaacha shule, na baba akakaa mlangoni mpaka hata mwanga wa jua ukamtoka. Sikumwambia kamwe ni nani aliyechanganya zile droo, naye hakuwahi kutaja Jumamosi ile. Miaka yake ya mwisho, sisi mabinti watatu tulipoingia chumbani kwake pamoja, dada zangu aliwatambua kwa kuwashika mikono. Mimi nilipomkaribia, aliurudisha mkono wake chini ya blanketi.

"Cheka kidogo, mama," alisema, "nijue ni wewe."