Kipimo cha Mwisho cha Fundi Jasusi

Saa tatu asubuhi ya Jumatano, mafundi wenzake wakiwa wameshaanza kukanyaga cherehani, yeye anaacha mkoba wake mlangoni na kuingia chumba cha kusomea nyaraka akiwa na penseli tu. Kalamu ya wino ni marufuku humu.

"Leo unakamilisha, Fundi Kitabu?" anamtania mtunza nyaraka, akimsogezea boksi la majalada.

"Nikikamilisha utabaki kumsumbua nani?" anajibu, lakini hacheki.

Kwa miaka sita mwanamke huyu mshona nguo, wa miaka hamsini na mbili, amekuwa akifunga duka kila Jumatano ili awatafute majasusi wa vita vya zamani, aandike riwaya. Wateja wengine walishamkimbia. Mtu anayetaka gauni lake Jumamosi hana habari na majasusi.

Kilichomwingiza humo ni babu yake mzaa baba, naye fundi na jasusi wa vita hivyo, aliyeuawa kwa risasi na watu wa upande wake mwenyewe. Walisema amewauza. Baba yake, sasa mzee wa miaka themanini na saba, alikua akiitwa mtoto wa msaliti. Mpaka leo kwenye mikutano ya mtaa hukaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Mwaka jana, ndani ya jalada lililoandikwa "Mengineyo", fundi alikuta vikaratasi vya vipimo vya nguo kutoka duka la babu. Wasomi walikuwa wamevipita bila kuvijali.

"Kifua sitini, kiuno tisa," anasema. "Nikajiuliza, huyu mteja au nyigu?"

Alipovilinganisha na taarifa za kijeshi, mambo yakawa wazi. Duka la babu lilitazamana na daraja. Kifua kilikuwa idadi ya askari wa adui watakaolilinda, na kiuno kilikuwa tarehe.

Kikaratasi cha mwisho kilimkata maini. Kifua ishirini na nne, kiuno ishirini na mbili. Basi tarehe ishirini na mbili vijana thelathini walitumwa kuwavamia askari ishirini na wanne. Walikuta zaidi ya mia mbili. Walirudi wanne.

"Lakini hivyo vilikuwa vipimo vya kweli, vya inchi," anasema, akishusha sauti. "Vya mtoto wa miaka saba hivi. Babu alichanganya karatasi. Hakumuuza mtu."

Alikaa na habari hiyo siku tatu. Kisha akamuuliza baba yake, babu alimshonea nani mwisho.

"Mimi," mzee alisema bila kusita. "Shati na kaptura vya shule. Nilimganda siku nzima, mwanangu, nalia, mpaka akaacha alichokuwa anaandika, akanipima."

Fundi alimweleza yote. Mzee akauliza waliokufa walikuwa wangapi.

"Ishirini na sita, baba."

Tangu siku hiyo mzee anakula kwa kubembelezwa. Fundi anajuta, wala hafichi. "Nilitaka kumtua mzigo, nikambebesha mwingine."

Riwaya imekwama sura ya kumi na tisa. Mara mbili ameiandika upya bila mtoto, ili kumwepusha baba yake. "Haikubali," anasema. "Nikimtoa mtoto, babu anarudi kuwa msaliti."

Anatumaini kuimaliza kabla mwaka haujaisha, baba akiwa bado hai. Mzee, ambaye macho hayamsaidii tena, amekubali asomewe, na ametoa sharti moja tu.

"Niandike kama nilivyokuwa, na kilio changu chote," alimwambia binti yake. "Ila uandike kwamba baba hakunifokea. Hakunifokea hata kidogo."