Unga wa Mama Halima

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, niliposimama kwenye kaunta ya Mama Halima pale Kitengela nikiwa na hasira nyingi kuliko akili.

Nilikuwa mwalimu kijana, nimeolewa juzi tu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na serikali bado ilikuwa ikipanga bei ya unga. Bei hiyo ilitangazwa redioni. Mama Halima, mjane aliyetoka Garissa, aliuza juu yake kidogo.

"Mama Halima, hii si bei ya serikali."

"Mwalimu, hiyo ni bei ya redio, na redio haina unga. Kama uko na haja, chukua. Kama huna, hakuna ubaya."

Sikumuuliza lolote zaidi. Hasira hasara, lakini kijana hudhani hasara ni ya wengine. Kesho yake nilipanda basi mpaka Kajiado, nikamtafuta afisa wa bei, nikaandikisha jina la duka. Nilirudi nikijiona nimewatetea wanyonge.

Siku ya tatu Landrova ya askari ikaja. Unga ukabebwa, Mama Halima naye akabebwa, duka likatiwa kufuli. Wenye maduka wengine walipoona hivyo hawakushusha bei, mwanangu. Waliacha kuuza unga. Rafuni ukaona sabuni na chumvi tu. Aliyekuwa nao aliutoa kwa mlango wa nyuma, kwa watu anaowajua, mara mbili ya bei niliyomshtakia yule mjane. Darasani kwangu watoto walianza kusinzia hata saa nne haijafika. Nilijua ni njaa.

Mume wangu alikuwa na nyanya yake, Koko, ambaye hakusoma hata darasa moja. Nilipomweleza yote, aliniuliza:

"Huo unga, yeye alitoa wapi?"

"Sijui, Koko."

"Hujui, na umempeleka kwa serikali? Pikapu ya kuuleta ulilipa wewe?"

Ndiye aliyenieleza kwamba wasagaji wa karibu walikuwa wamepunguza kazi kwa sababu bei ile haikuwalipa, na Mama Halima alikuwa akikodi gari kuufuata unga mbali. Ama kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Niliona aibu mpaka chakula kikanishinda.

Mama Halima alikaa ndani wiki mbili. Alipoachiliwa nilienda kumwomba msamaha. Alinipa kiti, akanimiminia chai.

"Nimekusamehe, mwalimu. Lakini unga siuzi tena."

Na hakuuza. Hata miaka ilipopita, serikali ikaacha kupanga bei na unga ukajaa kila mahali, yeye aliuza leso na viatu mpaka akahama.

Usinielewe vibaya, mwanangu. Walanguzi wapo, nimewaona kwa macho yangu. Na bei ilipoachiliwa ilipanda, wengi wakaumia. Lakini mkono mtupu haulambwi. Hakuna atakayekuletea chakula kila siku kwa bei inayommaliza yeye. Ukisikia bei imepangwa, uliza kwanza ni nani ataleta mzigo kwa bei hiyo. Na ukimkasirikia muuzaji, zungumza naye mbele ya kaunta yake kabla hujamsema ofisini. Makosa mengine husamehewa, lakini unga ulioondoka dukani haurudishwi na msamaha.

Enkai, Mungu wetu, akujalie chakula nyumbani kwako, na subira ya kumsikiliza anayekiuza.